Huyu siye: kumrithi mhusika ambaye watu wameshampenda

Swali

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Gungu, Kigoma. Kikundi chetu kina mchezo tunaouweka YouTube, na mhusika anayependwa kuliko wote ni Mzee Mizani, tajiri wa dagaa anayewapunja wavuvi kwa mizani aliyoichezea. Kaka aliyekuwa anamwigiza amehamia Dar es Salaam kikazi, na muongozaji amenipa mimi nafasi yake. Tumeweka kipande kimoja cha majaribio, komenti karibu zote zinasema 'huyu siye'. Je, nimwige yule kaka sauti na kicheko, au nije na vyangu? Na kweli mhusika akishapendwa anaweza kubadilishiwa mtu, au bora tumuue kwenye hadithi?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Msimuue Mzee Mizani. Kumuua mhusika ni uamuzi unaofaa mara chache, na nitaugusa huko mbele, lakini kwenu haufai. Mizani iliyochezewa bado ipo mwaloni, basi na mwenye nayo awepo.

Hayo maneno "huyu siye" yasikuvunje moyo. Mwaka 2005 Daniel Craig alipotangazwa kuwa James Bond mpya, watu walizilalamikia nywele zake za rangi ya dhahabu, na wengine wakafungua tovuti ya kuhimiza filamu yake isusiwe. Filamu yenyewe, Casino Royale, ilikuwa bado haijatoka! Ilipotoka mwaka 2006 kelele zikapungua, na Craig akakaa kwenye uhusika huo kwa filamu tano, hadi 2021. Waliomkataa walikuwa hawajamwona akiwa Bond hata dakika moja.

Mimi mwenyewe nimeyasema maneno hayo. Nimekulia Ujiji, na filamu nilizijulia kwenye kibanda umiza, enzi za mikanda ya video iliyokuja kwa treni kutoka Dar na kufika kwetu bila mpangilio wowote. Bond wangu wa kwanza alikuwa Roger Moore. Siku ulipokuja mkanda wa Sean Connery, sisi watoto tuliokaa mbele kwenye mkeka tulipiga kelele kwamba steringi amebadilishwa, tumeletewa feki. Kumbe Connery ndiye aliyeanza, mwaka 1962, na Moore alimfuata 1973. Kwetu wa kwanza alikuwa yule tuliyekutana naye kwanza.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu nianze kufundisha uigizaji, na naona ndilo linalotawala suala zima. Mtazamaji anakumbuka siku aliyompenda mhusika. Anayekuandikia "huyu siye" anailinda siku ile. Ukibishana naye utashindwa, na ukimletea nakala ya siku ile utashindwa vibaya zaidi, maana nakala inamwonyesha kila sekunde kwamba ile ya kwanza imepita. Lakini humo humo kuna la kukupa moyo: kila wiki wapo watu wanaoufungua mchezo wenu kwa mara ya kwanza. Kwao hao, Mzee Mizani ni wewe tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa, umwige au usimwige.

Nikiwa kidato cha tatu Tabora, shule yetu ilikuwa na mchezo wa kuigiza kuhusu mtemi mmoja wa kubuni. Mwenzetu aliyemwigiza mtemi alikuwa na namna yake: kabla ya kutamka neno zito alikohoa mara mbili, taratibu, ngumi ikiwa kinywani. Ukumbi ulikuwa unanyamaza kimya. Wiki ya onyesho la pili akaugua, akarudishwa kwao, nafasi nikapewa mimi. Nilikesha nikijifunza kile kikohozi. Siku ilipofika nikakohoa vilevile, mara mbili, ngumi kinywani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilimaliza onyesho nikitetemeka. Mwalimu aliyekuwa anatuongoza hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Mwenzako alikuwa na kifua kibovu, akakitumia. Wewe umekohoa kwa sababu gani?" Sikuwa na jibu. Zaidi ya miaka 25 imepita, na swali hilo ndilo ninaloanza nalo kila darasa jipya.

Kwa mhusika yeyote aliyeigizwa vizuri kuna vitu vya mhusika na kuna vitu vya mwili wa yule aliyemwigiza. Vimeshikana kiasi kwamba hata muongozaji haoni kuwa ni viwili. Kazi yako ya kwanza ni kuvitenganisha. Nimeangalia vipande vitatu vya mchezo wenu kabla ya kukujibu. Kile kicheko chembamba kinachoishia puani ni cha kaka yako. Kimetoka kwenye koo lake na namna alivyoumbwa. Mkwaruzo wa sauti ni wake pia. Lakini kuipuliza sahani ya mizani kabla ya kupima, kana kwamba anaondoa vumbi ili mvuvi asipunjwe, hiyo ni mali ya Mzee Mizani. Uongo wake wote umo katika tendo lile dogo: anajionyesha mwadilifu sekunde mbili kabla ya kuiba. Angeigizwa hata na mwanamke, akiipuliza sahani vile, mwalo wote wa Kibirizi ungemjua. Vilevile kule kutomtazama mvuvi usoni mpaka fedha iwe imeshahesabiwa. Vitu hivyo chukua vyote, na uvifanye kama vyako. Kicheko kiache kiende Dar na mwenyewe.

Kwa nini nasisitiza hivi? Mtazame George Lazenby. Connery alipoachana na Bond baada ya filamu ya 1967, nafasi ikaenda kwa huyu Mwaustralia, mwanamitindo wa matangazo ambaye hakuwa amewahi kubeba filamu kubwa. Amesimulia mwenyewe kwamba alikwenda kwa kinyozi wa Connery akanyolewa kama yeye, akanunua kwa fundi wa Connery suti iliyoshonwa kwa ajili ya Connery, ndipo akaenda kuiomba kazi. Akaipata. Filamu ikatoka 1969, na watengenezaji nao wakaijaza ukumbusho: Bond anafungua droo anatoa vitu vya filamu zilizopita, na mwanzoni kabisa anatamka kwamba yule mwenzake wa kwanza hayakuwahi kumkuta mambo kama haya. Ukiketi kuitazama unakumbushwa mara kwa mara kwamba kuna mtu hayupo. Lazenby akaondoka baada ya filamu hiyo moja, na mwaka 1971 Connery akarudishwa.

Hata hivyo wapenzi wengi wa Bond siku hizi wanaihesabu filamu ile miongoni mwa zilizo bora, na mimi ni mmoja wao. Sababu yangu ni ile sehemu ya mwisho, Bond akiwa ndani ya gari amemkumbatia mkewe aliyetoka kupigwa risasi. Suti ya Connery haina msaada pale. Connery hakuwahi kupewa tukio la namna hiyo, hivyo Lazenby hana wa kumwiga, na ndipo anapokuwa Bond kweli. Hili ulibebe: mwombe mwandishi wenu akuandikie mapema tukio ambalo Mzee Mizani hajawahi kuwa nalo. Mwanawe wa kumzaa arudi kutoka ziwani usiku akiwa na samaki, asijue kwamba anayepima ni baba yake. Au mizani iharibike kweli, impunje yeye. Hapo hakuna atakayekulinganisha, kwa sababu hakuna cha kulinganisha nacho.

Usinielewe vibaya, sisemi kwamba kuiga ni dhambi. Kuna kuiga kunakotoka kwenye kumsoma mtu kwa bidii. Vito Corleone, yule bosi wa mafia wa The Godfather, aliigizwa na Marlon Brando kwenye filamu ya 1972 akiwa mzee, kisha na Robert De Niro kwenye ile ya 1974 akiwa kijana, na wote wawili walitunukiwa Oscar kwa mhusika huyo mmoja, ingawa Brando aliikataa ya kwake. De Niro aliichunguza kazi ya Brando kwa makini sana. Akajifunza Kisisilia, kwa sababu karibu maneno yake yote kwenye filamu ile yako kwa lugha hiyo. Kwenye sauti alichukua mkwaruzo kidogo tu, kama dalili ya ile itakayokuja uzeeni. Kitu alichokichukua chote ni usikivu. Vito wa Brando anasikiliza kuliko anavyosema, na Vito wa De Niro naye husikiliza, tena kwa njaa zaidi kwa sababu bado ni maskini. Ukiwatazama wakiwa kimya unaamini kabisa kwamba huyu kijana atakuja kuwa yule mzee. Kwa hiyo msome kaka yako wakati hasemi kitu. Hapo ndipo mhusika anapoonekana peke yake.

Wahindi nao wana somo lao, na kwa kuwa filamu zao tumezipenda Tabora na Kigoma tangu zamani, huenda unaijua Don. Ile ya 1978 alicheza Amitabh Bachchan, na mwaka 2006 uhusika ukachukuliwa na Shah Rukh Khan. Walioabudu ya Amitabh walinuna, lakini Khan hakuigusa sauti nzito ya Amitabh. Alimfanya Don kuwa mtu wa madoido na tabasamu, na watengenezaji wakaigeuza hadithi mwishoni, hata aliyeijua ile ya zamani akajikuta hajui anachosubiri. Kinachonivutia zaidi ni kisa chenyewe. Ndani ya filamu ya 1978, Don anakufa na polisi wanamchukua Vijay, kijana wa mtaani anayefanana naye, wanamfundisha mwendo na maneno ya Don ili aingie kwenye kundi lake. Mwigizaji anamwigiza mtu anayejifunza kumrithi mtu! Itazame tena ukiwa na daftari. Angalia jinsi genge linavyompokea, nani anamwamini haraka na nani anachelewa.

Kuhusu kubadilisha au kuua, uamuzi unategemea kama mhusika ni cheo au ni mtu. Huku kwetu hilo halihitaji maelezo marefu. Mtemi wa Unyamwezi alipokufa, kiti hakikuzikwa naye. Aliyemfuata alivaa lile kombe la baharini lililokuwa alama ya utemi, na kuitwa mtemi. Mirambo alifariki mwaka 1884 na ndugu yake Mpandashalo akashika utemi. Watu walimtambua kuwa ni mtemi, lakini dola aliyoijenga Mirambo kwa vita na biashara ikaanza kusambaratika mikononi mwake. Alama zilirithiwa siku moja, nguvu hazikurithiwa. Nakuomba ulikumbuke hilo utakapovaa kofia ya Mzee Mizani kwa mara ya kwanza. Kofia itakufanya utambulike. Kuogopwa itabidi ukuchumie mwenyewe.

Bond ni cheo, ndiyo maana anabadilishiwa mtu bila hadithi kuvunjika. Chadwick Boseman alipofariki Agosti 2020, watengenezaji wa filamu ya Black Panther waliamua wasimweke mtu mwingine katika nafasi yake ya mfalme T'Challa. Katika filamu iliyofuata, ya 2022, mfalme naye amekufa, na vazi la Panther likavaliwa na dada yake Shuri, aliyeigizwa na Letitia Wright. Wakatenganisha cheo na mtu: cheo kikaendelea, mtu akaombolezwa. Ule ulikuwa msiba wa kweli, na naona walifanya lililo sawa.

Tofauti na Spartacus, tamthilia ambayo nadhani hakuna kijana wa rika langu aliyeikosa kwenye vibanda vyetu. Andy Whitfield alicheza msimu wa kwanza mwaka 2010, akagunduliwa kuwa na saratani. Watengenezaji hawakukimbilia kumbadilisha. Walitengeneza vipande sita vinavyosimulia mambo ya kabla ya Spartacus ili wamsubiri apone. Ugonjwa uliporudi, alitoa baraka zake kazi iendelee, na Liam McIntyre akachukua nafasi kuanzia 2012. Whitfield alifariki Septemba 2011. McIntyre alikuwa mpole zaidi usoni, na nakiri nilichukua muda kumzoea. Lakini sikumsikia aliyesema amepora nafasi ya mtu, kwa sababu mwenye nafasi mwenyewe alikuwa ameiachia.

Ndiyo maana nataka umpigie simu kaka yako wiki hii. Usimwombe akufundishe kicheko. Mwulize Mzee Mizani anaogopa nini. Yeye amekaa naye muda mrefu kuliko mtu yeyote, na huenda anajua jambo ambalo halijawahi kuandikwa kwenye skripti. Kisha mwombe, kama ana nafasi, arekodi kwa simu maneno machache ya kukukabidhi, myaweke kabla ya kipande kijacho. Watazamaji wakimwona anakuachia kwa moyo mweupe, hawatakuwa na sababu ya kumtetea dhidi yako.

Jambo jingine ni muda ndani ya hadithi. Wale waliofuata tamthilia ya Kituruki ya Sultani Süleyman kwa Kiswahili kupitia Azam TV wanakumbuka Hürrem, mke wa Sultani, alivyobadilika. Meryem Uzerli aliyemwigiza aliondoka mwaka 2013, na msimu wa mwisho ukachukuliwa na Vahide Perçin. Mama mmoja jirani yangu alisusa siku tatu. Siku ya nne nikamsikia kupitia ukutani akimlaani Hürrem kwa jina, kama zamani. Ujanja ulikuwa miaka: hadithi iliruka mbele, watoto wakawa watu wazima, na uso mpya wa Hürrem ukawa mmoja tu kati ya mabadiliko mengi. Nanyi mnaweza. Kipande chenu cha majaribio kilikosea hapo. Kilikuweka kwenye kibanda kilekile, jioni ileile, na wavuvi walewale wakiwa wamevaa nguo zilezile. Mkabadilisha kitu kimoja tu, na jicho la mtazamaji lilienda wapi? Pitisheni muda. Mzee Mizani awe alikuwa safarini Kalemie, ng'ambo ya ziwa, miezi minane, arudi na meli. Kibanda kiwe na bati jipya, mvuvi mmoja awe amenunua injini, mtoto wa kibarua awe amekua.

Na atakaporudi, usianze na wewe. Anzeni na wanaomsubiri. Mfalme jukwaani hafanywi mfalme na kofia yake, anafanywa na wale wanaoinama akipita, na nimeliona hili mara nyingi hata kwa wanafunzi wasio na uzoefu wowote. Kamera iwatazame wavuvi wakisikia kuwa Mizani amerudi. Mmoja afiche ndoo yake. Mwingine aliyekuwa anacheka anyamaze. Mama anayeanika dagaa aendelee kuanika bila kuinua kichwa, lakini mikono iende haraka. Wakati huo bado hujaonekana, na mtazamaji ameshakubali kwamba anayekuja ni yeye. Ukitokea, fanya kidogo. Pita. Kaa. Vuta mizani. Puliza sahani.

Ule msemo wake, "Shahidi jicho lako", usiuseme kwenye kipande cha kwanza. Najua muongozaji atataka uwemo, kwa sababu ndio watu wanaoupenda. Hapo ndipo watazamaji wote watakuwa wametega masikio kukupima, na hata ukiutamka vizuri utakuwa umetamka wa mtu mwingine. Ufiche hadi kipande cha tatu au cha nne, na ukija, uje mahali pasipotarajiwa, kwa sauti ya chini, labda usiku wa mbalamwezi ambapo wavuvi hawakwenda ziwani na hakuna cha kupima. Utakuwa wako tangu usiku huo.

Komenti usizijibu. Zisome mara moja kwa wiki, na muongozaji akiwa pembeni. Zinazosema "siye" peke yake ziruke. Zinazosema kitu mahususi, kwamba anatembea haraka mno au anatabasamu mapema, ziandike.

Kipande kikikamilika, kabla ya kukiweka mtandaoni, kipeleke Kibirizi asubuhi wakati dagaa wanaanikwa. Waonyeshe kina mama watatu wanne kwenye simu, huku umeizima sauti kabisa. Usiwaambie ni nani. Usiangalie simu, waangalie wao nyuso zao pale unapoipuliza sahani. Kama kuna atakayesonya kabla hujapima, washa sauti, rudisha mwanzo, waache watazame.